Kanisa la Zamani kule Gezaulole, Kigamboni: nyumba ya kupumzika kwa anayehitaji kimya

Niseme hukumu yangu mwanzoni ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama uko Dar es Salaam, umechoka, na unachotaka ni kulala mpaka usingizi ukuache wenyewe, nyumba hii inastahili pesa yake. Kama unataka bwawa la kuogelea, nyama choma na muziki, usijisumbue kuvuka maji. Nililipa kwa pesa yangu, sina undugu na mwenye nyumba, na kasoro nilizoziona nitazitaja zote, hasa ngazi, maana ile ngazi inaweza kumvunja mtu mzima nyonga.

Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi. Zamu za usiku zikifuatana, mwili unasahau kulala, na nyumbani hakuna msaada. Ninaishi Sinza, na kila anayeishi Sinza anajua Ijumaa ikoje: baa ya mbele ina spika, baa ya nyuma ina spika kubwa zaidi, na mchana ukitaka kufidia usingizi anapita muuza mabeseni na kipaza sauti chake kinachorudia maneno yaleyale kutoka asubuhi mpaka jioni. Nyumba za wageni za ufukweni nilizowahi kukimbilia zilikuwa na jenereta ukutani au ukumbi wa sherehe uani. Kwa hiyo ninapoikagua nyumba ya kulala, kimya ndicho cha kwanza, kabla hata ya shuka.

Majirani wanaiita Kanisa la Zamani. Haina bango barabarani, na mwenye nyumba hapendi namba yake izagae. Wageni wanapelekana, aliyelala anampa mwenzake. Lilikuwa kanisa dogo la mtaa wa usharika wa Kilutheri, jengo la matofali ya saruji na paa la mabati. Waumini wakaongezeka, ibada ya pili ikaanza, bado watu wakawa wanasikiliza mahubiri wakiwa nje chini ya turubai. Mwisho wakajenga kanisa kubwa karibu na barabara, na hili la kwanza wakaliuza ili wapate pesa ya kuezekea lile jipya. Aliyelinunua ni mstaafu mmoja wa mjini aliyekuwa anatafuta kiwanja. Alipofika akakuta jengo zima limesimama, akaacha wazo la kulibomoa.

Ulaya habari ni nyingine. Maastricht, Uholanzi, kuna kanisa la Wadominika la karne ya 13 ambalo tangu 2006 ni duka la vitabu, na monasteri ya zamani katika mji huohuo ni hoteli. Uingereza kuna mfuko wa kutunza makanisa yaliyofungwa, ulioanzishwa 1969, na baadhi ya makanisa hayo hukodishwa watu wakalala humohumo kwenye vitanda vya kukunja. Kule makanisa mengi yalibaki matupu kwa sababu waumini walipungua. Hili la Gezaulole liliachwa kwa sababu waumini walizidi, na tofauti hiyo unaisikia ukiongea na majirani. Hakuna anayelitaja kwa huzuni. Wanasema tu, "Pale ndipo tulipoanzia," kisha wanakunyooshea kidole ulione paa la jipya.

Kufika kuna njia mbili. Ya kwanza ni Daraja la Nyerere pale Kurasini, lile la mita 680 lililofunguliwa Aprili 2016; unalipa getini, unatokea Kibada, unaitafuta barabara ya kwenda kusini. Ya pili ni pantoni ya Magogoni, kisha Mjimwema, kisha Gezaulole. Nilichagua pantoni kwa ajili ya mama yangu. Alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, bandeji ilikuwa imeshatolewa, na alitaka kuiona bahari kwa jicho lake jipya. Nawashauri wenye wageni wa bara wafanye hivyohivyo. Pantoni ikishaondoka Kivukoni, geuka utazame ulikotoka: kuna Azania Front ya Walutheri, iliyoanza kujengwa 1898, na Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki, iliyojengwa kati ya 1897 na 1902, zote kazi ya wamisionari wa Kijerumani, na zote mpaka leo zina watu. Mama aliitazama ile minara mpaka ikawa midogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo tunayaacha makanisa yenye watu tunakwenda kulala kwenye lisilo na watu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tukifika atalikagua mwenyewe, na kama halimpi amani tutarudi.

Lami inaisha kabla hujafika. Sehemu ya mwisho ni mchanga na mashimo. Gari dogo linapita kiangazi, ila wakati wa masika piga simu kwanza uulize. Bodaboda wote wa pale wanalijua. Usiseme nyumba ya wageni, sema Kanisa la Zamani.

Ukiingia getini unakuta mwembe mkubwa, na kwenye tawi lake imening'inia rimu ya gari kwa mnyororo. Ndiyo iliyokuwa kengele. Mlinzi wa nyumba, mzee wa makamo ambaye zamani ndiye aliyekuwa akiigonga, alituomba kwa upole kwamba watoto, kama tungekuwa nao, wasiiguse. Kuna wageni waliwahi kumwachia mtoto aigonge jioni, na watu wakatoka majumbani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Nimeipenda sheria hiyo. Ni kitu cha kijiji, hata kama kiko ndani ya ukuta wa mtu.

Sasa ndani. Mlango ni ule wa kanisa, mbao mbili pana, na ukishazifungua unaingia moja kwa moja kwenye chumba kimoja kirefu kilicho wazi mpaka kwenye kenchi. Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo nyumba ilipofaulu. Mafundi wengi wa Dar ukiwapa jengo refu hivi jambo la kwanza ni kupiga dari ya jipsamu yenye tabaka mbili tatu, na taa za rangi kuzunguka. Ungepata sebule ya kawaida yenye joto la kawaida. Hawa hawakupiga dari. Kenchi zimepigwa msasa na kupakwa mafuta, mbao nyembamba zimepigiliwa chini ya bati kufuata mteremko wa paa, na katikati ya mbao na bati kuna karatasi inayong'aa ya kuzuia joto. Hewa ya moto inapanda juu na kutokea kwenye matundu ya pembetatu za kuta mbili za mwisho. Chini, unakokaa wewe, kunabaki na ubaridi ambao sikuutegemea katika nyumba ya bati.

Kuna sababu nyingine ya ubaridi huo, na nilichelewa kuigundua mpaka nilipokaa barazani jioni. Kanisa lilijengwa kwa desturi ya kale, madhabahu upande wa mashariki na mlango magharibi. Maana yake kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko utosini au karibu na hapo, na linalochoma kuta ni lile la asubuhi na la alasiri. Katika nyumba hii jua hilo linapiga kuta fupi mbili tu. Kuta ndefu zenye madirisha zinabaki kwenye kivuli cha paa na kupokea upepo. Kaskazi ikivuma inaingia upande mmoja, kusi ikivuma inaingia upande wa pili. Nyumba tunazopanga mjini zimegeuzwa kutazama barabara, halafu tunanunua feni mbili kila chumba. Hapa kuna pangaboi moja kubwa juu ya meza, na muda mwingi tuliizima.

Madirisha yenyewe ni yaleyale ya kanisa: matofali ya saruji yenye matundu, yamepangwa kutoka kiunoni mpaka juu. Wameyaacha, wakaweka fremu za wavu wa mbu kwa ndani, zinazotoka ili zioshwe. Nilitoa moja nikaitazama; wavu umeshonwa vizuri, hakuna pembe iliyoachwa wazi. Kwa muuguzi hilo ni jambo kubwa. Na bado kila kitanda kina chandarua chake.

Tatizo la chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na kuta ngumu ni mwangwi. Kanisani mwangwi unasaidia nyimbo. Kwenye nyumba ya kulala unakera, kijiko kikianguka jikoni unadhani ni sufuria. Waliolitatua hili wamelitatua kwa vitu vya hapahapa. Ukuta wote wa nyuma, kutoka chini mpaka usawa wa roshani ya kwaya, wameutundika mikeka ya ukili. Nilisogea karibu nikaigusa: imesukwa kwa kindu, kanda kwa kanda, zimeshonwa kwa uzi wa kindu hizohizo, nyingine za zambarau na nyingine za kijani kilichopauka, na kati ya mkeka na ukuta kuna mirunda myembamba inayoacha nafasi ya vidole vinne. Ile nafasi na ule usukaji ndivyo vinavyomeza sauti. Ukipiga makofi ukiwa katikati ya chumba bado unasikia urefu wa paa, ila sauti hairudi mara tatu. Mlinzi alisema mikeka imesukwa na kina mama wa kijijini na kwamba ililipwa vizuri. Nilifurahi kusikia.

Meza ya kulia chakula imetengenezwa kwa mabenchi ya kanisa. Waumini walihama na mabenchi mazuri, wakaacha mabovu, na seremala akaunganisha mbao zake. Mninga. Ukipitisha kiganja kwenye ukingo unaona mahali palipolika kidogo, laini kuliko pengine, mahali watu waliposhika wakisimama na kukaa miaka yote ile. Kile kibao chembamba cha kuwekea vitabu vya nyimbo kimebaki upande mmoja wa meza, na sisi tuliwekea dawa za macho za mama, ambazo zilipaswa kudondoshwa kwa saa. Seremala angeweza kuipiga randa meza nzima ikawa mpya. Namshukuru hakufanya.

Sasa nije kwenye madhabahu, ambayo ndiyo ilikuwa hofu yangu na ndiyo swali la mama. Nimeona picha za makanisa ya nje yaliyogeuzwa, na kuna mtindo wa kuweka baa palepale madhabahuni, au jiko, au kitanda kikubwa kana kwamba mwenye kulala ndiye anayeabudiwa. Hapa pale palipokuwa na madhabahu pameachwa wazi. Kuna kile kidaraja kimoja cha kupanda, sakafu iliyopakwa rangi nyekundu ya zamani, mkeka, viti viwili vya kamba, na basi. Juu yake ukutani kuna tundu la msalaba lililopangwa kwa matofali, kama yalivyo makanisa mengi ya vijijini, nalo halikuzibwa. Kulia, palipokuwa na ubao wa namba za nyimbo, ubao upo lakini hauna namba.

Mama ni Mkatoliki wa siku nyingi, amewahi kuwa kiongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwenye jumuiya yake, na mambo haya hayachukulii juujuu. Hata begi hakulishusha. Alisimama katikati ya chumba akamuuliza mlinzi, "Baba, nani alilifunga?"

Mlinzi akavua kofia. Alieleza kwamba haikuwa watu kuchukua funguo na kuondoka. Kulikuwa na ibada ya mwisho, mchungaji akaongoza sala ya shukrani, wazee wa kanisa wakabeba msalaba, Biblia na vyombo vya meza ya Bwana, kwaya ikatangulia, wakatembea wakiimba mpaka kwenye kanisa jipya. Jiwe la msingi nalo liling'olewa likapelekwa. Akatutoa nje akatuonyesha mahali lilipokuwa, kando ya mlango: mstatili wa plasta isiyopakwa rangi, rangi ya saruji tupu katikati ya ukuta mweupe. Mwenye nyumba aliambiwa na fundi apake niru yote iwe sawa, akakataa, akasema paonekane kwamba kuna kitu kilikuwa hapa kikahamishwa kwa heshima.

Mama akataka kujua pia wanalitumiaje. Kwa Wakatoliki, Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 1222, zinamruhusu askofu kulitoa kanisa lisilofaa tena kwa ibada litumike kwa mambo ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu; mama hajui namba ya kanuni lakini maana yake anaijua tangu ujana wake. Mlinzi akajibu kwamba usharika uliuza kwa sharti, na sharti limeandikwa kwenye mkataba: pombe isiuzwe, disko lisipigwe, na nyumba isikodishwe kwa saa. Wageni wakitaka bia yao ya kunywea chakula hakuna anayewakagua, ila spika haiingii getini.

"Basi ni nyumba," mama akasema, akashusha begi.

Naomba msomaji uone uzito wa sharti hilo. Kimya nilichokipata pale kinatokana na karatasi ile kuliko unene wa kuta. Mmiliki mwingine angeweza kukarabati vizuri kuliko huyu, akaweka marumaru na viyoyozi, na Jumamosi moja akapangisha kwa sherehe ya kuzaliwa, kimya kikaisha. Waumini waliouza walijua majirani wataendelea kuishi palepale, na waliwalinda. Mtu mwenye jengo la namna hii, liwe kanisa, shule au zahanati ya zamani, na anafikiria kuligeuza la kulala wageni, aanzie kwenye sharti kama hilo ndipo amwite fundi.

Vyumba vya kulala vinne. Viwili viko chini ya roshani ya kwaya, upande wa mlango, kimoja ni juu ya roshani yenyewe, na cha nne ni kile kilichokuwa chumba cha mchungaji, kando ya madhabahu. Hicho cha mchungaji ndicho bora kuliko vyote. Kina mlango wake wa nje, dirisha la kufunguka, bafu lake, na ukuta unaofika juu kabisa. Mama alilala humo na hakutaka kusikia habari ya kubadilishana. Ukienda na mzazi, kiombe kwa jina: chumba cha mchungaji.

Vile viwili vya chini vina kuta ambazo hazifiki juu. Zinaishia usawa wa roshani, kisha kuna nafasi iliyozibwa kwa mbao zenye mianya ili hewa ipite. Hewa inapita, na mkoromo pia unapita. Mdogo wangu wa kiume alilala kimoja, mimi na mume wangu kingine, na sina la kuongeza. Familia mtavumiliana. Marafiki wanaoheshimiana kwa mbali wasilale humo.

Roshani ndiyo yenye ile ngazi. Ni ngazi ya kwaya ya zamani, mbao nzuri, imesimama wima mno, vidato vyembamba, na upande wa kushoto haina kishikio. Wanakwaya waliipanda mchana wakiwa na viatu. Mgeni anaishuka usiku, hana viatu, ana usingizi, anatafuta choo ambacho kiko chini. Nimewahi kupokea kina mama wajawazito walioanguka kwenye ngazi nzuri kuliko hii. Mjamzito asilale juu, mzee asilale juu, na mtoto chini ya miaka kumi asiachwe apande peke yake. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho mwenye nyumba hana udhuru nacho, kwa sababu kishikio ni bomba moja na siku moja ya fundi wa kuchomelea.

Kasoro ya pili ni maji. Yanatoka kisimani na yana chumvi kidogo, kama visima vingi vifupi vya ukanda ule. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, na chai ukiichemshia maji hayo utaijua. Wanaweka madumu ya maji ya kunywa, lakini kwa watu sita yaliisha mapema tukaagiza mengine kwa bodaboda. Presha ya bafu la pamoja ni ndogo. Mmoja akioga, mwingine asifungue bomba la jikoni.

Mvua ilinyesha usiku mmoja. Zile mbao chini ya bati zinapunguza kishindo, haziondoi. Mimi mvua juu ya bati inanilaza, mume wangu ilimwamsha. Popo wapo kwenye pembe ya paa upande wa mashariki, wachache. Jioni wanatoka, na asubuhi mlinzi anafagia chini yao kabla hamjaamka, lakini ukikaa kwenye vile viti viwili vya kamba kuna harufu kidogo. Na lile tundu la msalaba halina pazia. Jua likichomoza, mwanga unaingia humo na kutembea sakafuni mpaka unaifikia meza. Anayelala vyumba vya chini na mlango wazi ataamshwa nao saa kumi na mbili na nusu. Funga mlango.

Umeme ukikatika, sola inabeba taa na chaji za simu. Friji na pangaboi vinasubiri. Televisheni hakuna, na mtandao wa simu unashika vizuri barazani na vibaya ndani. Sijaiweka kwenye kasoro.

Chakula unaweza kujipikia. Jiko la gesi lina moto mzuri na sufuria ni za kutosha, ila kisu ni butu, beba chako. Sisi tulimlipa mama wa jirani anayepika kwa siku, shilingi 25,000, vifaa juu yetu. Asubuhi alileta vitumbua vya moto na chai ya tangawizi, mchana wali wa nazi na changu wa kukaanga aliyetoka kwa wavuvi siku ileile, jioni kisamvu. Mama, ambaye kwa kawaida hakubali samaki wa baharini, aliomba aongezewe. Kwenda ufukweni ni mwendo wa miguu kupitia minazi. Maji yakipwa unaona kina mama wakitafuta pweza kwenye miamba mbali sana.

Jumapili asubuhi ndiyo saa pekee yenye sauti. Kanisa jipya halina haja ya spika kubwa, liko mbali kiasi, lakini upepo ulikuwa wa kusini na nyimbo zilifika barazani, zikipotea na kurudi. Mlinzi alikuwa amekwenda ibadani na kutuachia funguo. Mama alikaa kwenye kiti cha kamba na rozari yake, mdogo wangu akaendelea kulala, na mimi nikasoma magazeti ya zamani yaliyowekwa kabatini. Nililala tena mchana. Wenzangu wa zamu za usiku wanajua kulala mchana bila pamba masikioni kunamaanisha nini.

Bei: shilingi 160,000 kwa usiku siku za kazi na 200,000 mwisho wa wiki, kwa nyumba nzima, watu wasizidi wanane. Mkigawana watu sita ni chini ya chumba kimoja cha hoteli nyingi za ufukweni huko huko Kigamboni. Nusu inalipwa kwa simu kabla, nusu ukifika. Risiti niliipata bila kuomba mara mbili. Mashuka yalikuwa safi, taulo zimechoka.

Nilipoondoka nilimwachia mwenye nyumba ujumbe wa mambo matatu kwa mpangilio wa uzito: kishikio cha ngazi pande zote mbili pamoja na taa ndogo ya kidato cha chini, madumu ya maji yaongezwe kulingana na idadi ya wageni, na wavu kwenye ile pembe ya popo kabla hawajawa wengi. Sikumwomba apige dari, wala azibe tundu la msalaba. Alinipigia jioni ileile, akasema fundi wa kuchomelea atakuja wiki hiyo na kwamba popo atawafikiria. Mama ameshajiandikisha chumba cha mchungaji kwa Krismasi, mimi nangoja ratiba ya zamu itoke.